Mwanakupona: ni kupona nini huku, na mbona siku hizi hatulisikii?

#1 Mtu_wa_Langoni
Salamu nyote. Nimejaaliwa binti juzi Jumapili, hapa hapa Amu (Lamu), mama na mtoto wazima, alhamdulillahi. Ugomvi uko kwenye jina. Mamangu anaitwa Mwanakupona, na kwetu binti wa kwanza humchukua bibi yake mzaa baba, hilo halijawahi kuwa na mjadala. Mke wangu anataka Layan. Anasema Mwanakupona ni jina la wodini, mtoto akienda kusoma Mombasa ataulizwa kila siku alikuwa akiumwa nini. Nimemuuliza mamangu maana ya jina lake, kanijibu: "Ni jina langu. Maana yake ni mimi."

Siku ya saba ni Jumamosi. Mbuzi nishamlipia. Mwenye kujua anisaidie: kupona huku ni kupona nini? Limeanzia wapi? Na yuko mtoto yeyote wa chini ya miaka kumi mnayemjua mwenye jina hili?

#2 HaluaNyeusi
Hongera. "Maana yake ni mimi." Mamako ashamaliza uzi, wasimamizi fungeni.

#3 ChaiYaTangawizi
Mbona rahisi? Mwana ni mtoto, kupona ni kupata nafuu. Mtoto wa kupona. Mama alishikwa na uchungu siku tatu, wote wawili wakasalimika, mtoto akapewa jina. Ni kama Mwatabu aliyezaliwa katika tabu, au Chausiku aliyezaliwa usiku. Hapa hakuna la kutafuta.

#4 Mwalimu_wa_Zamani
Chai, polepole. Nusu ya kwanza umeikosea. "Mwana" kwenye majina ya wanawake wa visiwa vyetu si mtoto. Ni neno la heshima, kama Bibi. Mwanamume ni Bwana, mwanamke ni Mwana. Mwana Khadija aliyetawala Pate karne ya 18 hakuwa "mtoto wa Khadija". Mwana Mkisi anayetajwa katika asili ya Mombasa, vivyo hivyo. Kwa hiyo Mwanakupona ni Bibi Kupona. Swali lililobaki ni Kupona peke yake.

#5 ChaiYaTangawizi
Mwalimu, na Mwanaidi je? Mwanahamisi? Huyo si mtoto aliyezaliwa Idi, na yule Alhamisi?

#6 Mwalimu_wa_Zamani
Tazama upande wa wanaume. Wao ni Idi, Hamisi, Juma, Kombo. Ukiongeza Mwana unapata mwanamke: Mwanaidi, Mwanahamisi, Mwanajuma, Mwanakombo. Maana imeshasemwa na jina la mwanzo, hiyo Mwana inakuambia tu kwamba huyu ni bibi.

#7 Jabali
Kwa hesabu hiyo ya Mwalimu pangekuwa na mwanamume anaitwa Kupona. Yuko wapi?

#8 HaluaNyeusi
Hakupona.

#9 Nahodha_Mstaafu
Yambo. Nyinyi watoto wa yeo mnatafuta kila kitu hospitali. Kupona ni neno la baharini. Zamani chombo kikitoka Pate au Faza kuya Amu kilikuwa na ndia mbili: upite Mkanda, kati ya Manda na bara, ungoje mayi yajae, ama uzunguke Manda kwa nje ukutane na bahari kuu. Wakati wa kusi huko nje hakuna mzaha. Mtu akirudi, watu hawasemi "amefika", wanasema "amepona". Chombo kimezama, watu wamepona. Baba alikuwa safarini, mke akajifungua, siku ya pili tanga likaonekana. Binti ataitwa nani? Ndivyo nilivyosikia kwa wazee wangu wa Kizingitini, na mwanamume aitwaye Kupona tulikuwa naye chomboni, mtu wa Tanga. Jabali usicheke mapema.

#10 Mkunga_wa_Mokowe
Hongera baba Layan, au baba Mwanakupona, tutaona. Mimi nimezalisha miaka mingi visiwani na bara. Naliunga mkono la Nahodha, ila nalirudisha nchi kavu. Mzee akiletewa habari kwamba binti yake amejifungua, swali la kwanza si mume au mke. Ni "Kapona?" Anauliza mama. Nimewahi kumpokea mama aliyeletwa kwa mashua kutoka Pate, tumekaa gatini tunangoja maji, usiku, kurunzi moja. Alipojifungua shangazi yake alisema neno moja tu, "Kapona," akakaa chini. Kama siku ile wangempa mtoto jina hilo nisingeuliza maana.

#11 Mtu_wa_Langoni
Ahsanteni. Mkunga, nimemsomea mamangu hii yako, kanyamaza. Kwake hiyo ni ishara nzuri.

#12 MtuWaBarani
Mimi ni Mgiriama wa Malindi, natega sikio tu. Kwetu pia mtoto hurithi babu na bibi, na pia majina huzaliwa na matukio. Charo ni safari, Nzala ni njaa. Hakuna anayemuuliza mzee Charo anakwenda wapi. Mke wako akisema ni jina la wodini, mwambie kwetu kuna wakina Nzala wanene.

#13 Dar_Kariakoo
Wakuu, si ndiye yule malenga tuliyemsoma shuleni, mwenye utendi wa beti 36 akimuusia binti yake? Mimi nilidhani ni jina la kazi, la kubuni, kwamba aliumwa akapona akajiita hivyo.

#14 Mwalimu_wa_Zamani
Ndiye, ila beti si 36, ni 102. Na jina si la kubuni. Ni Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa kisiwa cha Pate, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, yule aliyekataa kuinama kwa Seyyid Said wa Zanzibar. Utendi ni wa mwaka 1858, aliutunga baada ya mumewe kufariki, kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Na humo humo mwanzoni anasema maradhi yamemshika mwaka mzima. Kwa hiyo Dar umepindua: jina lilitangulia, ugonjwa ukafuata.

#15 Jabali
Subiri. Aliitwa Kupona, akaumwa mwaka mzima, akaandika wosia, akafa. Mwanakupona mwenyewe hakupona! Mtu_wa_Langoni, mpe Layan haraka.

#16 BintiMkomani
Jabali una roho ngumu. Ameacha maneno ambayo watu bado wanayaimba baada ya miaka zaidi ya 160. Wewe jina lako litasomwa wapi?

#17 Jabali
Kwenye deni la duka la muhindi.

#18 Dar_Kariakoo
Shukrani Mwalimu kwa sahihisho. Basi naongeza dhana nyingine: kupona la kidini. Kuokoka na adhabu. Si wosia wote ule ni wa kumwokoa binti, duniani na akhera? Pengine hata wazazi wake walimpa jina kama dua: upone, usiangamie.

#19 Mwalimu_wa_Zamani
Hilo naliheshimu. Mule ndani anamwita binti yake aje ampe hirizi, aifunge kwa uzi, na hirizi ni kitu cha kuponya. Ila aliyeandika ni mama, aliyempa mama jina ni watu wengine, miaka mingi kabla. Usiwavike wazazi wake mawazo ya mtoto wao.

#20 Ngarawa
Kuna sababu nyingine mnaikwepa kwa adabu. Majina kama Mashaka, Tabu, Shida, Sikujua hupewa mtoto aliyefuatia wenzake waliokufa. Mama amezika wawili watatu, huyu wa nne hataki kumsifia, asije akasikiwa. Kupona naona ni ndugu wa hao, ila yeye hajifichi, anaomba waziwazi. Kwetu Matondoni yuko bibi mwenye jina hili, na kabla yake walikufa wanne. Hakuwahi kuambiwa kwamba ndiyo sababu. Alihesabu makaburi mwenyewe.

#21 Mkunga_wa_Mokowe
Ngarawa umenifunga mdomo.

#22 Jabali
Mimi nasema ni neno la Kiarabu. Majina yote ya Amu yametoka huko, Aisha, Fatma, Khadija. Tafuteni kwenye kamusi.

#23 Mwalimu_wa_Zamani
Kiarabu hakina sauti ya "p". Tafuta mwenyewe kwenye kamusi, uturudie mwakani.

#24 Mpeketoni_Kwetu
Naongezea. Mimi Mkikuyu niliyezaliwa Mpeketoni. Kwetu kupona ni kuhona. Rafiki yangu Mluhya anasema kuhona vilevile, na nimefanya kazi Kampala, Waganda wanasema kuwona, na kwao pia ni kupona ugonjwa na kuponea hatari. Kwa hiyo hili ni neno la Kibantu la kale, halikushuka na jahazi. Nahodha na Mkunga wote wana haki, maana zote mbili zimo tangu mwanzo.

#25 Jabali
Sawa, limekuwa Kibantu. Lakini sikieni hii. Zamani Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na "p" ikaandikwa kwa herufi ya "b". Je, kama karatasini ni "Kubona", nyinyi mkasoma Kupona?

#26 HaluaNyeusi
Jabali leo kavaa miwani.

#27 Mwalimu_wa_Zamani
Kuhusu uandishi umesema kweli, na nakupa alama. Lakini jina halikutoka karatasini kwenda mdomoni. Mama wa huyu bwana hakusomewa jina kwenye hati, aliitwa. Bibi yake aliitwa. Mdomo ulikuwa unajua "p" siku zote.

#28 BintiMkomani
Hebu turudi kwa karani, maana huko ndiko jina hili linakofia. Mimi naitwa Mwanakupona, ndiyo nimejitokeza sasa. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mwana Kupona, maneno mawili. Shuleni nikawa Mwana K. Mwalimu mmoja kutoka bara akaniita "Mwana" darasa zima la tano, kama wimbo. Kitambulisho kilipokuja kimeandikwa Mwanaku Pona. Nikienda benki naitwa "Bi Pona", nageuka nyuma kutazama ni nani. Kurekebisha nimekwenda mara sita, kila dirisha linanipeleka dirisha jingine, hadi viapo vya wakili nimelipia mara mbili. Nina binti wawili. Hanan na Rayyan. Msiniulize kwa nini.

#29 Mtu_wa_Langoni
BintiMkomani, pole, na samahani nimecheka hapo kwa Bi Pona.

#30 BintiMkomani
Cheka tu, mume wangu alicheka wiki.

#31 ChaiYaTangawizi
Basi swali la pili la mleta uzi limejibiwa: makarani wamelimaliza.

#32 Ustadh_Mdogo
Si makarani peke yao. Nasomesha chuoni, yaani madrasa, hapa mjini. Orodha ya watoto wa kike mwaka huu haina Mwana hata mmoja. Wamejaa Aaliyah, Layan, Hanan, Inaya. Nikiwauliza wazazi maana ya Layan, wanasema "limo kwenye simu". Siwalaumu, ni majina mema. Lakini mtoto mmoja nyumbani anaitwa Mwanaesha na bibi yake, chuoni ni Aisha, na ukimwita Mwanaesha anainamisha kichwa kama amefumaniwa.

#33 Mama_Shela
Na mimi niseme la kike, maana humu mmejaa wanaume na mabeti yenu. Mke wa mleta uzi huenda hakimbii wodi, anakimbia utendi. Mule ndani mwanamke anaambiwa mume akilala amkande na ampepee, asimwamshe, na akitaka kutoka aombe ruhusa. Mimi nilipoolewa nilisomewa na shangazi yangu usiku kucha. Nani anataka binti wa leo abebe jina lenye masharti?

#34 Nahodha_Mstaafu
Kwani kupepewa kuna ubaya gani? Jua la Amu hili.

#35 Mama_Shela
Nunua feni, kaka.

#36 Dar_Kariakoo
Mama Shela, lakini si ni haohao wanawake wanaousoma huo utendi kwa fahari? Na mtunzi alikuwa mwanamke mjane mgonjwa akimlinda bintiye kwa silaha alizokuwa nazo. Sisi tulifundishwa hivyo.

#37 Mama_Shela
Mlifundishwa vizuri. Mimi nilisomewa vibaya. Yote mawili yamo.

#38 BintiMkomani
Nimekaa nikifikiria swali la wodini, na nadhani sote tumempiga chenga mke wa watu. Mtu_wa_Langoni, jibu kwa ukweli: mkeo amewahi kulitamka jina la mamako?

#39 Mtu_wa_Langoni
Hapana. Hata mara moja. Miaka minne ya ndoa. Humwita "mama", akimtaja kwa watu husema "mama yao".

#40 BintiMkomani
Basi. Mkaza mwana hataji jina la mkwewe. Sasa unampa mtoto jina hilo hilo. Mtoto akiangusha chungu, mama yake afanye nini, apige kelele "Wee Mwanakupona!" na mkwewe yuko barazani? Layan si uzungu wala Uarabu. Anatafuta jina ambalo ulimi wake una ruhusa ya kulitaja.

#41 HaluaNyeusi
Huyu angekuwa wakili angemaliza kesi zote za mashamba ya Lamu.

#42 Mkunga_wa_Mokowe
Kweli kabisa. Na dawa yake ni ya zamani. Mtoto akirithi jina la mkwe huitwa Nana, au Bibi, au Mama. Utamsikia mwanamke mzima anamwambia mtoto wa miaka miwili "Bibi, njoo ule." Jina lenyewe hukaa kabatini na dhahabu.

#43 Jabali
Kwa hiyo ndiyo sababu hatulisikii! Lipo, linafichwa. Uzi mzima tumelia jina limekufa, kumbe limekaa ndani.

#44 Ustadh_Mdogo
Jabali kasema la maana, andikeni tarehe. Ila haitoshi. Zamani pia walificha, na bado chuoni waliandikishwa kwa jina. Sasa hata kwenye daftari halimo.

#45 MtuWaBarani
Kwetu Malindi kuna lingine. Wageni. Mtoto akiwa na jina fupi la kutamkika, atapata kazi hotelini, ndivyo wazazi wanavyofikiri. Jirani yangu Kadzo kazini anaitwa Katie. Ukimwita Kadzo mbele ya meneja anakukazia macho.

#46 Ngarawa
Hapo umetoka nje ya njia, lakini samaki wako huyu ni mkubwa, tutamla siku nyingine.

#47 Mtu_wa_Langoni
Nimezungumza na mke wangu jana usiku. Sikumsomea uzi, nilimuuliza tu, "Ni ulimi?" Akalia kidogo, akasema nimechukua siku nne kuuliza. BintiMkomani, Mwenyezi Mungu akulipe.

#48 Nahodha_Mstaafu
Siku nne si nyingi. Mimi nilichukua miaka.

#49 Mtu_wa_Langoni
Leo Jumamosi, kwa waliouliza. Mtoto amenyolewa, nywele zimepimwa, sadaka yake imetolewa, mbuzi mmoja amechinjwa. Jina ni Mwanakupona. Mama yake anamwita Nana. Dada zangu wameshaanza kumwita Layan, na mamangu hakukataa, alisema "ruhusa, la kuchezea". Yeye mwenyewe anamwita "somo yangu". Saa hivi amembeba, anamwambia: "Somo, wamekuandika humo wote."

#50 Mama_Shela
Mashallah. Majina matatu na hajatimiza arubaini.

#51 BintiMkomani
Mashallah. Swali langu moja tu: kwenye cheti utaandika maneno mangapi?

#52 Mtu_wa_Langoni
Moja. Nitakwenda na kalamu yangu, nitasimama dirishani mpaka nione limeandikwa.

#53 ChaiYaTangawizi
Yote sawa, lakini hukutuambia mwisho mamako alipona nini. Bahari, uzazi, vifo vya nduguze, au dua?

#54 Mtu_wa_Langoni
Nilimuuliza tena leo, wageni walipoondoka. Anasema yeye hakupona chochote, alirithi kwa bibi yake. Nikamuuliza, na bibi yako? Akasema naye alimrithi bibi yake, wa Siyu, nimuulize huyo.

#55 Jabali
Siyu! Mwalimu, umeona? Siyu!

#56 Mwalimu_wa_Zamani
Jabali, Siyu ilikuwa mji mkubwa. Walikuwepo Mwanakupona wengi.

#57 Jabali
Sikusema kitu. Nimesema Siyu tu.

#58 Ngarawa
Wakati mko hapa, naomba mnisaidie. Mimi mtoto wa kiume atazaliwa mwezi ujao inshallah, na babangu anaitwa Lali. Nini asili ya Lali? Kuna anayesema ni Ali.

#59 HaluaNyeusi
Wengine wanasema ni kulala. Fungua uzi wako, hapa bado tunakula mbuzi.